Binti wa Mwanjelwa kapata Swarthmore, Chicago na Johns Hopkins. Kipi kinamfaa anayetaka kusoma mpaka PhD?

Mjomba wa Tukuyu
Jumamosi, 6 Aprili 2024, saa 2:10 usiku

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nina jambo la haraka na nyumbani hatuna wa kumuuliza. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu anayeuza mchele pale Mwanjelwa, alimaliza kidato cha sita mwaka jana, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia). Kwa matokeo yale, nafasi ya udaktari hapa nchini asingeikosa. Akaomba tumvumilie mwaka mmoja ajaribu Marekani. Tukamvumilia. Alisafiri hadi Dar kufanya SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, insha akawa anaandika usiku baada ya kumsaidia mama yake kufunga mizigo.

Mwisho wa Machi majibu yametoka. Vyuo vitatu vimempokea na vyote vimempa ufadhili mkubwa: Swarthmore, Chicago na Johns Hopkins.

Kwa asiyevijua, Swarthmore ni chuo kidogo karibu na jiji la Philadelphia, wanafunzi kama 1,600 hivi, kinafundisha shahada ya kwanza tu. Chicago kilianzishwa 1890, wanafunzi wa shahada ya kwanza wanazidi 7,000 na wa ngazi za juu ni wengi kuliko hao. Johns Hopkins kiko Baltimore, kilianza 1876, ndicho kinachohesabiwa kuwa chuo kikuu cha kwanza cha utafiti Marekani, na hospitali yake inafahamika dunia nzima.

Ada, malazi na chakula vimelipiwa kote. Tofauti ziko pembeni. Kimoja kinalipa nauli na bima ya afya. Kingine kimeiacha bima kwetu. Cha tatu kinataka familia ichangie dola 2,300 kila mwaka, na kwa kuwa dola sasa inazidi shilingi 2,500, hapo tunazungumzia karibu milioni 6. Sitasema kipi ni kipi, barua ni zake.

Sasa swali. Huyu binti hataki kuishia shahada ya kwanza. Wiki hii anasema anataka PhD ya virusi, kwa sababu mwaka huu alijitolea kituo cha utafiti hapa Mbeya akawaona watu wa maabara wanavyofanya kazi. Wiki iliyopita alisema udaktari wa watoto. Mama yake anataka Johns Hopkins kwa sababu ya hospitali. Yeye mwenyewe anapenda Chicago. Mimi namwona Swarthmore, ila sina hoja ya kuwashawishi zaidi ya kwamba darasa dogo ni zuri, na hilo nalijua kama mwalimu.

Mwisho wa kujibu ni tarehe 1 Mei. Mwenye uzoefu aseme, na aseme kwa sababu.

---

Kijana wa Soweto
6 Aprili, saa 2:31 usiku

Hongera kwa binti na kwa mama yake. Mimi nasema Johns Hopkins. Ukirudi Tanzania ukasema umesoma Swarthmore, nani anajua? Ukisema Johns Hopkins, mlango unafunguka kabla hujamaliza sentensi. Jina ni mtaji.

---

Mama Pacha Mafinga
6 Aprili, saa 2:40 usiku

Kamwene. Nimekaa pembeni nafuatilia, nina binti kidato cha tano.

---

Mwana Rungwe Ughaibuni
6 Aprili, saa 5:55 usiku

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mtoto wa Rungwe, nilisoma chuo kidogo Marekani (si hicho, ila cha aina hiyo hiyo) na sasa niko mwaka wa nne wa PhD ya biolojia. Nitaandika kirefu kidogo maana suala hili linanigusa.

Kijana wa Soweto, unaloeleza ni jina mbele ya mwajiri wa Dar. Anayeamua nani aingie PhD ni kamati ya maprofesa watano au sita wa idara moja, na wao vyuo wanavijua. Swarthmore wanaijua vizuri sana. Ofisi za takwimu za sayansi za Marekani hufuatilia wenye PhD walitoka vyuo gani vya shahada ya kwanza. Ukigawanya kwa idadi ya wahitimu, kwa miaka mingi juu kabisa utakuta Caltech, Harvey Mudd, Reed, Swarthmore, Carleton. Ni vyuo vidogo ambavyo wengi wetu huku hatujawahi kuvisikia. Chicago nayo inafanya vizuri kwenye orodha hiyo.

Kwa anayependa virusi kuna hili: Howard Temin na David Baltimore, waliopata Tuzo ya Nobel 1975 kwa kugundua kimeng'enya kinachogeuza RNA kuwa DNA, yaani kile kile ambacho virusi vya UKIMWI hukitumia kuzaliana ndani ya chembe zetu, wote wawili shahada ya kwanza walisoma Swarthmore. Hawakuwa darasa moja, Temin alimaliza 1955 na Baltimore 1960. Jennifer Doudna wa Nobel ya 2020 alianzia Pomona, chuo kidogo cha California, ndipo akaenda Harvard kwa PhD. Thomas Cech, Nobel ya kemia 1989, alitoka Grinnell, katikati ya mashamba ya mahindi ya Iowa.

Sisemi kwamba chuo kidogo kinatengeneza wanasayansi. Wanaokwenda huko wengi tayari wana njaa ya kusoma, kwa hiyo ile takwimu imebeba pia tabia ya wanafunzi wenyewe. Ninachosema ni kwamba chuo kidogo hakitamzuia.

Kinachompeleka mtu PhD ni nini basi? Barua tatu za mapendekezo na utafiti aliokwisha kuufanya. Masomo na alama, ndiyo, lakini wakishaona alama nzuri hugeukia barua. Barua ya "alipata A kwenye darasa langu" haina uzito. Barua inayosema "nilikuwa naye maabara miaka miwili, jaribio lilipokataa alikuja na njia yake mwenyewe, na hii ndiyo njia yenyewe" ndiyo inayoingiza watu. Mahali ambapo hakuna wanafunzi wa PhD, profesa anafanya utafiti na wa shahada ya kwanza kwa sababu hana wengine. Kwenye chuo kikubwa, mara nyingi anayekufundisha maabara kila siku ni mwanafunzi wa PhD au mtafiti wa muda, na profesa unamwona kwenye kikao cha wiki. Barua anaiandika profesa, lakini anakujua kwa kusimuliwa.

Lingine ambalo wageni tunachelewa kulijua. Nafasi nyingi za utafiti wa likizo zinazolipwa na serikali ya Marekani kupitia shirika lao la sayansi ni za raia na wakaazi wa kudumu tu. Hata ile fedha kubwa ya serikali ya kusomea PhD, sisi hatuombi. Kwa hiyo kwa mtoto wa Mbeya, swali kubwa ni je, chuo kina fedha zake chenyewe za kumlipa mwanafunzi wa kigeni afanye utafiti Juni hadi Agosti? Aviulize vyuo vyote vitatu, kwa maandishi.

Mwisho, PhD za sayansi kule hazilipiwi na wazazi. Ada inafutwa na unapewa posho ya kuishi. Kwenye biolojia, vyuo vingi vikubwa sasa vinatoa zaidi ya dola 40,000 kwa mwaka. Na unaweza kuingia moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, bila uzamili. Asidanganywe kwamba lazima ajilipie masta kwanza.

---

Kijana wa Soweto
7 Aprili, saa 1:20 asubuhi

Nimekuelewa mkuu, ila Johns Hopkins ndiyo inayotumia fedha nyingi zaidi za utafiti kuliko chuo chochote Marekani, na si jana wala juzi. Mtoto anayetaka virusi unampeleka kwenye maabara chache za chuo kidogo ilhali pale kuna shule nzima ya afya ya jamii na maabara zisizohesabika?

---

Mwana Rungwe Ughaibuni
7 Aprili, saa 9:05 alasiri

Hoja yako ina nguvu na sitaipuuza. Wa shahada ya kwanza pale wanaingia maabara kweli, na wingi wa mada ni utajiri. Mtoto mwenye ujasiri wa kubisha hodi kwa profesa asiyemjua, akakataliwa, akabisha ya pili na ya tatu, pale atachanua. Mwalimu, wewe unamjua. Ni wa kubisha hodi, au ni wa kusubiri aitwe? Mimi nilikuwa wa kusubiri.

---

Dokta wa Igawilo
7 Aprili, saa 3:45 usiku

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa zamu. Jamani, hapa mnajadili chuo kabla ya kujua mtoto anataka nini. PhD ya virusi na udaktari wa watoto ni njia mbili zisizofanana hata kidogo kwa mtu mwenye pasipoti ya Tanzania.

Marekani udaktari hausomwi baada ya kidato cha sita. Unasoma shahada ya kwanza miaka minne, kisha unafanya mtihani wa MCAT, kisha unaomba shule ya udaktari ya miaka minne mingine, kisha unabobea. Kwa watoto ni miaka mitatu. Jumla 11, kama hukukwama popote.

Na hapo pa kuomba shule ya udaktari ndipo mgeni anapokwama. Shule nyingi, hasa za majimbo, hazipokei asiye raia au mkaazi wa kudumu. Zinazopokea zinachukua wachache mno. Mikopo ya serikali yao huipati. Baadhi zinakutaka uonyeshe fedha za miaka yote minne ziko kwenye akaunti kabla hujaanza. Muuza mchele wa Mwanjelwa atazitoa wapi? Johns Hopkins wenyewe shule yao ya udaktari hupokea wageni, lakini kusoma shahada ya kwanza pale hakukupi kiti upande wa pili wa mji. Mama lazima alielewe hili. Ile hospitali anayoisikia haihusiani na mwanawe kuingia udaktari.

Hapa nyumbani, akienda Muhimbili, Bugando, KCMC, au hata hapa hapa Mbeya kwenye chuo cha afya cha UDSM, MD (shahada ya udaktari) ni miaka mitano na mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Baada ya miaka sita ni daktari mwenye leseni. Akiongeza M.Med ya watoto miaka mitatu, ni bingwa kwa miaka tisa, na wagonjwa wake ni hawa hawa anaowaona wodini Meta.

Mimi ninawaona watoto hao kila siku, na bado tunahitaji sana madaktari wa watoto nyanda za juu kusini. Moyo wake ukiwa kweli kwenye udaktari, ningemwambia barua zote tatu azishukuru, azikatae, aombe MD hapa Julai. Najua ni maneno mazito kwa familia iliyosherehekea. Ila ni bora ayasikie sasa kuliko akiwa mwaka wa tatu Marekani anaanza kutafuta shule itakayomsikiliza.

Moyo ukiwa kwenye maabara, aende, na Mwana Rungwe amesema vizuri.

---

Mama Pacha Mafinga
7 Aprili, saa 4:02 usiku

Dokta, ubarikiwe. Hili la udaktari wa Marekani sikulijua kabisa, na binti yangu ndiyo ndoto yake.

---

Njano Uyole
8 Aprili, saa 12:50 asubuhi

Mwalimu, shikamoo. Mimi niko utafiti wa mazao, Uyole. Niongeze njia ambayo mtu hajaitaja.

Nilisoma SUA shahada ya kwanza na ya pili, PhD nikaenda Marekani kwenye chuo cha jimbo chenye nguvu ya kilimo. Nililipiwa kila kitu. Wenzangu wa darasa huko walitoka vyuo vya kila aina, na baada ya muhula wa kwanza hakuna aliyekumbuka nani katoka wapi. Tulipimwa kwa shamba na kwa takwimu zetu. Kwa hiyo anayefikiri kwamba usipoanza Marekani hufiki PhD ya Marekani, si kweli. Mwanafunzi wa SUA au UDSM mwenye alama za juu, aliyeandika tasnifu ya maana na profesa anayemwamini, anafika.

Lakini niseme pia kilichonikwamisha. Nilichelewa. Kati ya shahada ya kwanza na PhD nilikaa miaka mingi nikisubiri mradi wa kunilipia masta. Huyu binti akianza moja kwa moja huko, miaka hiyo anaiokoa, tena anaiokoa akiwa kijana. Hapo ndipo ninapoona thamani ya ofa zake.

Na akitaka kurudi kufundisha chuo hapa, ajue kwamba hapa wanahesabu GPA, yaani wastani wa alama. Anayeanza kazi ya kufundisha huangaliwa kama ana 3.8 kati ya 5 shahada ya kwanza. Kule kipimo ni cha 4. Cheti chake kitapita TCU, tume ya vyuo vikuu, kutambuliwa, kwa hiyo tangu mwaka wa kwanza atunze kila karatasi ya matokeo na maelezo ya kila somo alilosoma. Alama zilizoporomoka zitamfuata hadi huku hata kama chuo ni kigumu kiasi gani.

---

Chipsi Kabwe
8 Aprili, saa 2:15 asubuhi

Chicago mbona mmeiacha? Kaka yangu kasoma pale. Wanafunzi wote wanapitia masomo ya msingi ya pamoja, falsafa, historia, sayansi, hisabati, hata kama wewe ni wa biolojia. Wanagawa mwaka kwa vipindi vya wiki kama kumi kumi, sio mihula miwili, kwa hiyo ukiugua malaria ya akili wiki mbili tayari umeachwa. Lakini anayetoka pale anajua kufikiri na kuandika. Kaka anasema uandishi ule ndio uliomwingiza PhD, kwa kuwa maombi yote ni kuandika.

---

Kitonga Juu
8 Aprili, saa 3:30 usiku

Niongee fedha, ndiyo kazi yangu.

Kwanza kodi. Ufadhili unaolipa ada hautozwi, lakini ule unaolipa malazi na chakula, kwa mwanafunzi wa kigeni, serikali ya Marekani inauhesabu kuwa kipato, na chuo hukata asilimia 14 kwa mwenye viza ya mwanafunzi kama nchi yake haina mkataba wa kodi na Marekani unaomsamehe. Tanzania haina mkataba huo. Chukua malazi na chakula ni dola 18,000 kwa mfano: asilimia 14 ni dola 2,520. Ni zaidi ya ule mchango wa dola 2,300 mnaouogopa! Vyuo vingine vinamlipia mwanafunzi kodi hiyo, vingine vinamwachia bili. Haiandikwi kwenye barua ya udahili. Aulize leo.

Pili kazi. Viza inaruhusu kazi ya chuoni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Hiyo ni fedha ya sabuni, vitabu na kutuma kidogo nyumbani. Asiipangie kulipa bima. Akifanya kazi saa zote 20 kila wiki, muda wa maabara ataupata wapi? Kwa hiyo ofa yenye bima na nauli ndani yake inamnunulia muda wa utafiti, na muda huo ndio unaozaa zile barua za Mwana Rungwe. Ningeweka ofa zote tatu kwenye karatasi moja, nikajumlisha kila kitu kwa miaka minne, kodi ikiwemo.

Tatu, baada ya kuhitimu anaruhusiwa kufanya kazi mwaka mmoja, na wa sayansi huongezewa miezi 24. Wengi hutumia miaka miwili ya muda huo kama wasaidizi wa maabara wenye mshahara kwenye chuo kikubwa, kisha ndipo wanaomba PhD. Yaani akisoma Swarthmore bado anaweza kuja kufanya kazi Johns Hopkins. Hafungiwi nje.

Na suala la jina. Wachumi Stacy Dale na Alan Krueger walilinganisha watu waliopokelewa na vyuo vya majina makubwa wakaenda, na waliopokelewa wakaamua kwenda kwingine. Mishahara yao baadaye ilikaribiana sana. Walipima mishahara, si PhD, nisije nikanukuliwa vibaya. Lakini waliona pia kwamba watoto ambao wazazi wao hawakusoma sana walinufaika na chuo chenye ushindani mkali. Huyu binti ni wa kundi hilo, na vyuo vyake vyote vitatu ni vya daraja hilo la juu. Kwa hiyo hapa jina halina tena cha kuamua.

---

Loleza Kileleni
9 Aprili, saa 1:05 usiku

Nimesoma yote. Kuna jambo la Swarthmore halijatajwa na linahusu PhD moja kwa moja. Wana utaratibu wa heshima (Honors) ulioanza 1922, chini ya Frank Aydelotte aliyekuwa rais wa chuo. Miaka miwili ya mwisho mwanafunzi anayeuchagua anasoma kwenye semina za watu wanane hivi, na mwisho wa mwaka wa nne wanaalikwa maprofesa wa vyuo vingine kuja kumtahini kwa maandishi na kwa mdomo. Mwalimu wake hamtahini. Anayetoa daraja ni mgeni.

Watu husifia kwamba mtahini huyo anaweza kumkumbuka mtoto. Ni kweli, lakini angalieni kalenda: mitihani ile ni Mei, na maombi ya PhD yanafungwa Desemba iliyotangulia. Akiomba akiwa bado chuoni, watahini watamkuta ameshapata majibu. Faida yake iko kwenye semina zenyewe, mtoto anazoea kusimama mbele ya watu wanaojua kuliko yeye na kutetea alichoandika. Na akichukua ile njia ya Kitonga Juu ya kufanya kazi maabara kwanza, hapo hata daraja la watahini linaingia kwenye maombi.

Pia muhula wa kwanza pale hawaandiki alama za herufi, ni kufaulu au kutofaulu tu. Kwa mtoto anayefika kwenye Kiingereza cha kasi na baridi ya Desemba, hilo ni kubwa. Ile GPA ya Njano Uyole haianzi kuhesabiwa siku anapotua.

---

Mjomba wa Tukuyu
12 Aprili, saa 2:50 usiku

Ndaga fijo wakuu, mmetusaidia kuliko mnavyodhani.

Jumatano, ambayo ilikuwa Idi, nilikwenda Mbeya, tukakaa watatu: dada, mpwa wangu na mimi. Nilimsomea dada maneno ya Dokta wa Igawilo kama yalivyo, sikupunguza. Alinyamaza, kisha akamgeukia mwanawe akamwuliza, "Wewe unataka kutibu watoto, au unataka kujua kinachowaua?" Binti alijibu haraka sana kwamba anataka kujua kinachowaua. Alisema kule alikojitolea alipelekwa wodini na maabara, na aliyokuwa akiyafikiria akirudi nyumbani ni ya maabara. Sikumsukuma. Nilimpa siku mbili za kulifikiria tena, kwa sababu yale maneno ya udaktari wa hapa nayo ni ya kweli na ninayaheshimu. Leo amenipigia, jibu ni lile lile.

Mwana Rungwe, umeuliza kama ni wa kubisha hodi. Darasani ni wa kwanza kujibu akiulizwa, na wa mwisho kuuliza. Ndiyo jibu langu.

Ameviandikia vyuo vyote vitatu maswali haya: Je, mna fedha zenu za utafiti wa likizo kwa mwanafunzi asiye raia, na wangapi wa biolojia walizipata mwaka jana? Kodi ya malazi na chakula analipa nani? Ufadhili utapanda ada ikipanda? Likizo ya Desemba mwanafunzi wa kigeni anakaa wapi na anakula nini? Naweza kuzungumza na mwanafunzi Mwafrika wa mwaka wa tatu au wa nne wa biolojia?

---

Dokta wa Igawilo
12 Aprili, saa 3:20 usiku

Swali la mama ni bora kuliko yote yaliyoulizwa kwenye uzi huu. Aende na baraka zangu. Akirudi na PhD, milango ya utafiti hapa Mbeya anaijua tayari. Juzi juzi tu mji huu ulikuwa kwenye majaribio ya chanjo ya UKIMWI ya PrEPVacc, ambayo utoaji wake wa chanjo ulisitishwa mwishoni mwa 2023 kwa kuwa chanjo haikuonyesha dalili ya kinga. Tunahitaji wa kwetu watakaoketi meza inayobuni chanjo inayofuata.

---

Mjomba wa Tukuyu
23 Aprili, saa 1:40 usiku

Mrejesho. Vyuo vyote vimejibu, kwa heshima na kwa undani. Fedha za likizo kwa wasio raia zipo kote, ila kwenye viwili ushindani ni mkubwa. Alizungumza kwa simu na wanafunzi watatu. Yule wa Swarthmore, dada wa kutoka Afrika Magharibi, alimweleza kwamba profesa wake ndiye aliyemfundisha kwa mkono kutumia mashine ya PCR, ile ya kuzidisha DNA, akiwa mwaka wa kwanza. Wa Chicago alikuwa mkweli kuhusu kasi ya wiki kumi. Wa Johns Hopkins alisema maabara yake ni nzuri mno, na profesa humwona mara moja kwa wiki, kama Mwana Rungwe alivyosema.

Tumejumlisha miaka minne kwenye karatasi moja kama Kitonga Juu alivyoelekeza, kodi ikiwemo. Tofauti kati ya ofa nafuu na ghali inazidi milioni 30 za Tanzania. Dada alipoiona tarakimu, mjadala wa hospitali uliisha wenyewe.

Amechagua Swarthmore. Ametuma jibu jana.

---

Kijana wa Soweto
23 Aprili, saa 1:58 usiku

Hongera sana kwake. Nilikuwa upande mwingine ila nimeelewa. Viza vipi?

---

Kitonga Juu
23 Aprili, saa 2:30 usiku

Chuo kitamtumia fomu ya I-20, ndiyo ya kuombea viza ya mwanafunzi. Akiipata tu alipe ada ya SEVIS (mfumo wao wa kusajili wanafunzi wa kigeni), ambayo mwaka huu wa 2024 ni dola 350, kisha ada ya viza, dola 185, na aombe tarehe ya mahojiano ubalozini Dar mapema kabla msongamano wa Juni na Julai haujaanza. Risiti zote achapishe. Kule ndani aeleze kwa maneno yake mwenyewe anakwenda kusoma nini na nani analipa. Barua ya ufadhili awe nayo mkononi.

---

Mama Pacha Mafinga
24 Aprili, saa 12:30 asubuhi

Mwalimu, na sisi wa kidato cha tano tuanze lini?

---

Mjomba wa Tukuyu
24 Aprili, saa 1:15 usiku

Mama Pacha, muulize kwanza swali la dada yangu, kutibu au kujua. Akisema kutibu, msome upya Dokta. Akisema maabara, mpwa wangu alianza hivi: akiwa kidato cha sita aliwasiliana na ofisi ya EducationUSA ya ubalozi Dar, ushauri wao ni bure. Baada ya mitihani ya Mei akajiandaa na SAT, Agosti akaanza insha, na Novemba hadi mwanzoni mwa Januari maombi yakaenda pamoja na fomu za mapato. Aliomba msamaha wa ada za maombi na akapewa. Mwalimu wa biolojia aombwe barua mapema, kabla hajahamishwa kituo. Na aangalie vyuo visivyojali uwezo wa fedha wa mgeni vinapoamua kumpokea: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin. Vingine, hivi vya kwetu vikiwemo, uwezo wa fedha wanauangalia, ila wakishakupokea wanakulipia unachopungukiwa. Mpwa wangu amesema nikupe namba yake inboksi, atazungumza na binti yako Jumapili mchana, mama yake akifunga meza.